Riwaya za Iain Pears: pa kuanzia, pa kuvumilia na pa kuruka

Iain Pears ni mwanahistoria wa sanaa aliyegeukia riwaya za upelelezi, na hilo ni jambo la kulijua kabla hujatoa hela yako. Alizaliwa Coventry, Uingereza, mwaka 1955, akasoma Oxford, akafanya kazi ya uandishi wa habari na shirika la Reuters, na mwaka 1988 akatoa kitabu cha kitaaluma kuhusu jinsi Waingereza walivyoanza kupenda na kukusanya picha kati ya 1680 na 1768. Riwaya yake ya kwanza, The Raphael Affair, ilitoka miaka miwili baadaye. Kwa hiyo anapoandika kwamba dalali wa karne ya 18 aliivusha picha ya thamani mpakani ikiwa imefunikwa na picha ya bei rahisi, anaandika kuhusu biashara ambayo makabrasha yake ameyasoma.

Msomaji wa Dar aliyekulia kwenye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, au Willy Gamba wa Elvis Musiba, atakuta mambo mawili mageni. Bwana Msa akishawasha kiko chake, Najum na sisi wasomaji tunajua jibu limeshapatikana, tunasubiri tu atufungulie. Mpelelezi wa Pears hana utulivu huo. Jonathan Argyll ni mwanafunzi Mwingereza anayetafiti mchoraji asiyejulikana, ni mjuzi kweli, na makosa yake makubwa yanatokana na ujuzi huohuo: akishaipenda nadharia yake, kila karatasi anayoifungua inamwambia anachotaka kusikia. La pili, bastola hazina kazi kubwa. Mhalifu anasakwa kwa risiti ya mnada, barua ya mrithi, orodha ya mali za nyumba ya kitajiri. Anayetaka mbio za magari barabarani atachoka kabla ya sura ya nne, na ni vizuri ajue mapema.

Mfululizo wa Argyll una vitabu saba: The Raphael Affair (1990), The Titian Committee (1991), The Bernini Bust (1992), The Last Judgement (1993), Giotto's Hand (1994), Death and Restoration (1996) na The Immaculate Deception (2000). Wahusika wa kudumu ni watatu. Argyll mwenyewe, Flavia di Stefano, mpelelezi wa kikosi cha polisi wa Italia kinachoshughulikia wizi wa sanaa, na mkuu wake, Jenerali Taddeo Bottando, mzee anayetumia nusu ya akili yake kukamata wezi na nusu nyingine kuilinda idara yake isifutwe na wakubwa. Kikosi cha riwayani ni cha kubuni, lakini Italia inacho cha kweli, chini ya Carabinieri, tangu mwaka 1969.

Anza na The Raphael Affair, na usikisome kwa haraka. Argyll anakamatwa Roma, ndani ya kanisa dogo karibu na uwanja wa Campo dei Fiori, polisi wakimdhania mzururaji. Anajitetea kwamba alikuja kuangalia picha ya madhabahuni iliyochorwa na Mantini, mchoraji wa daraja la chini ambaye Pears amembuni, kwa sababu anaamini chini ya rangi za Mantini kuna kazi ya Raphael, aliyefariki mwaka 1520. Lakini picha haipo tena, imeshauzwa. Baadaye inaibuka ikiwa imesafishwa, Raphael yuko wazi mbele ya dunia, makumbusho ya taifa ya Italia yanainunua kwa fedha za kutisha, kisha inateketea kwa moto. Halafu mkarabati wa picha anauawa.

Kitabu hiki ni kizuri kwa jinsi kinavyoonyesha ni nani alihitaji picha ile iwe ya kweli. Mkurugenzi wa makumbusho aliihitaji kwa ajili ya cheo, serikali kwa ajili ya fahari, dalali kwa ajili ya faida, na Argyll kwa ajili ya tasnifu yake. Wanne hao wana elimu na wana vyombo vya maabara, na bado kila mmoja aliikagua picha akiwa na haja yake moyoni. Ukimfuatilia Pears kitabu baada ya kitabu utaona hii ndiyo hoja anayoirudia: ushahidi hupindishwa zaidi na shauku ya anayeutazama kuliko na uongo wa anayeuleta. Ndiyo maana riwaya zake zinastahili kusomwa hata na mtu asiyejali kabisa nani alimuua nani.

Msomaji atapata faida zaidi akijua mambo mawili matatu ya ukaguzi wa picha ambayo Pears anayachukulia kuwa yanajulikana. Kazi ya zamani hupimwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni jicho: mkono wa mchoraji, namna anavyogeuza kiwiko au kuweka mwanga kwenye kitambaa. Ya pili ni maabara. Rangi nyeupe ya titani, kwa mfano, haikuwepo sokoni kabla ya karne ya 20, na buluu ya Prussia haikuwepo kabla ya miaka ya mwanzo ya 1700; ukizikuta kwenye picha inayodaiwa kuwa ya mwaka 1500, ama picha ni ya kughushi ama kuna mtu aliigusa baadaye. Taa ya urujuanimno nayo huifanya vanishi ya zamani ing'ae kwa rangi ya kijanikijani, na sehemu zilizopakwa upya juu yake huonekana kama madoa meusi. Kila kipimo kina mpaka wake: sampuli hutoa habari za pale ilipochukuliwa tu, na jicho huona zaidi kile lilichofundishwa kukitafuta.

Njia ya tatu ndiyo Pears anayoipenda, nayo ni mlolongo wa wamiliki. Picha ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani, mwaka gani, kwa karatasi gani. Penye pengo la miaka hamsini, hapo ndipo mwizi au mghushi anapopita.

Hapa Dar jambo hili si la mbali. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka minne tu, halafu jina likawa kubwa duniani, na picha zenye sahihi yake ya kughushi zikaingia sokoni. Maabara haisaidii sana hapa, kwa kuwa kila kitu kilichotumika ni cha kisasa: hadibodi, na rangi za kung'aa za aina ambayo mpaka leo unaipata dukani. Jicho nalo hukwama, maana wanafunzi wake wa mwanzo, kina Simon Mpata, January Linda na Abdallah Ajaba, walichora kwa mkono uliofundishwa na mtu mmoja, juu ya mbao zilezile. Kinachobaki ni mlolongo. Anayeuziwa Tingatinga ya mwenyewe kwanza aigeuze, aangalie mgongo wa ubao: kingo zilizoliwa, lebo ya fremu, vumbi lililoganda kwenye matundu ya misumari. Anuse pembeni, rangi ya mafuta ya kung'aa iliyopakwa hivi karibuni bado inanukia, na kwenye joto letu inaweza kunata ukibonyeza kidole. Kisha aulize majina ya wote walioimiliki tangu ilipotoka mikononi mwa mchoraji. Muuzaji akijibu kwa hadithi ya babu mmoja Mzungu aliyekuwa akiishi Oysterbay, bila jina wala mwaka, biashara iishie hapo. Na sahihi yenye tarehe ya 1975 haina mjadala. Mtu aliyesoma The Raphael Affair kwa makini ataenda pale Morogoro Stores, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, akiwa na maswali bora kuliko aliyokuwa nayo. Kwa kazi mpya za wachoraji wa pale, ambazo zinauzwa kwa majina yao wenyewe, wasiwasi huu haupo kabisa. Nunua unachokipenda, andika jina la mchoraji na tarehe, na utunze risiti.

Vitabu vingine vya mfululizo havilingani. The Titian Committee kinatupeleka Venice, ambako mjumbe wa kamati ya wataalamu wa mchoraji Titian ameuawa kwa kisu. Wivu wa wasomi umechorwa vizuri mno, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha idara ya chuo atawatambua wajumbe wote. The Bernini Bust, kinachotokea Los Angeles, ndicho dhaifu kuliko vyote. Wamarekani wake ni wa kuchekesha tu, hawana undani, na ukikiruka hupotezi kitu. The Last Judgement kinarudi Paris na deni la vita vya pili vya dunia, nani alimsaliti nani wakati Wajerumani walipoikalia Ufaransa. Huyu ni Pears akiwa mzito, na kitabu kinabeba uzito huo vizuri.

Giotto's Hand lazima kisomwe kabla ya Death and Restoration. Si suala la mapenzi. Kuna mhusika anayeingia kwenye cha tano kama mtu wa pembeni, na ukikutana naye kwanza kwenye cha sita, fumbo la cha tano limekufa mikononi mwako. Giotto's Hand chenyewe kinahusu nadharia ya Bottando kwamba wizi mwingi usio na uhusiano, wa miongo kadhaa, umefanywa na mtu mmoja. Wakubwa wake wanataka kuitumia nadharia hiyo kama kamba ya kumtundikia. Death and Restoration kiko kwenye nyumba ya watawa Roma, ambako kuna picha ya Caravaggio inayokarabatiwa na ikoni ndogo ya Bikira Maria ambayo hakuna mtaalamu aliyeijali, ila wanawake wa mtaani wanaoiombea. Hapa Pears anauliza thamani ya picha ni ipi, ya soko au ya goti linalopigwa mbele yake, na halikwepi swali lake.

Kasoro ya mfululizo mzima ni mauaji yenyewe. Muuaji mara nyingi ni mtu tuliyemwona kwa nusu saa tu, na sura ya mwisho huwa ni watu kukaa chumbani kuelezana. Fumbo la picha hufunguka hatua kwa hatua. Fumbo la maiti hufunguliwa kwa maelezo. Usipolijua hili utafunga kitabu ukiwa umenuna. Pia ni dunia ya miaka ya 1990: faksi, simu ya mezani, mtu anasafiri siku nzima kwenda kusoma daftari moja. Ucheleweshaji huo ndio injini ya hadithi, kwa hiyo usiudai uondoke.

Kisha kuna An Instance of the Fingerpost, cha mwaka 1997, ambacho hakimo kwenye mfululizo na kinasimama peke yake kwa ukubwa na kwa ubora. Ni kitabu cha kurasa zipatazo 700, na wengi hukiacha njiani. Inawezekana kukimaliza ukijua mitego yake.

Tuko Oxford, mwaka 1663, miaka mitatu baada ya Mfalme Charles wa Pili kurudishwa kwenye kiti. Robert Grove, mwalimu wa New College, anakutwa amekufa kwa sumu ya arseniki. Anashtakiwa Sarah Blundy, mtumishi, binti wa familia iliyokuwa upande ulioshindwa, wa waliompinga mfalme. Tukio hilohilo linasimuliwa na wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine: Marco da Cola, Mveneti anayejitambulisha kama mpenda tiba, Jack Prestcott, kijana anayetaka kumsafisha baba yake aliyeitwa msaliti, Dk. John Wallis, mwanahisabati na mvunjaji wa maandishi ya siri. Na Anthony Wood, mwanahistoria mpole wa mji ule. Wallis na Wood walikuwa watu wa kweli. Wallis ndiye aliyeleta alama ya kutokuwa na mwisho, ∞, mwaka 1655. Mwanasayansi Robert Boyle, mwanafalsafa John Locke na daktari Richard Lower nao wanapita humo. Lower wa kweli alifanya majaribio ya kuhamisha damu kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, na moja ya sehemu za kukumbukwa za riwaya ni Lower na Cola wakimwongezea mama mgonjwa damu ya bintiye, bila kujua walichokuwa wakikifanya.

Mpangilio umetoka kwa mwanafalsafa Francis Bacon, aliyeandika mwaka 1620 kuhusu sanamu zinazoipotosha akili ya binadamu. Kila mmoja wa wasimulizi watatu wa kwanza ana sanamu yake: ya soko, yaani maneno yanayozunguka na kubadilishana maana, ya pango, yaani giza la nafsi ya mtu binafsi, ya jukwaa, yaani mifumo mikubwa ya fikra inayomfanya mtu aone tamthilia mahali penye mambo ya kawaida. Sehemu ya nne ni kile kibao cha njia panda (fingerpost) cha kwenye jina la kitabu, ushahidi mmoja unaoamua kati ya maelezo mawili yanayofanana uzito. Hiyo ndiyo hoja ileile ya The Raphael Affair, safari hii ikiwa na shingo ya mwanamke kwenye kitanzi badala ya picha ukutani.

Wasomaji huanguka mahali pawili. Pa kwanza ni sehemu ya pili. Prestcott ni mtu wa kuchukiza, ana kiburi, na kuna jambo analomtendea Sarah ambalo litakufanya utake kufunga kitabu. Amewekwa hivyo kwa makusudi: ni lazima ukae ndani ya pango lake ili uelewe baadaye ni mambo mangapi aliyaona kwa macho yake na asiyaelewe. Vumilia, sehemu ya tatu inaanza kumlipisha. Pa pili ni siasa. Majina yanamwagika bila maelezo, na mwandishi anadhani umesoma historia ya Uingereza shuleni. Funguo ni hizi. Clarendon ni waziri mkuu wa Charles wa Pili kwa hali halisi, na Bristol ni adui yake aliyejaribu kumng'oa mwaka huohuo wa 1663. Thurloe alikuwa mkuu wa majasusi wa Oliver Cromwell, aliyetawala Uingereza wakati haina mfalme. Bennet ni waziri wa mfalme anayepanda ngazi. Cromwell alifariki 1658, na Charles wa Kwanza alikatwa kichwa 1649. Ukiwa na hayo kwenye kikaratasi ndani ya jalada, nusu ya ugumu umeisha.

Chora pia jedwali la safu nne, moja kwa kila msimulizi. Kwenye mistari weka: nani alikuwa wapi jioni ya kifo cha Grove, chupa iliyokuwa na sumu ilipita mikononi mwa nani, nani alimlipa nani, na Sarah alisema nini, kwa maneno yake, kila anaponukuliwa. Mstari huu wa mwisho ndio muhimu. Sarah hapewi sehemu ya kusimulia. Wanaume wanne wanamwelezea, kila mmoja kwa hofu au haja yake, na sauti yake inasikika kupitia kwao tu. Safu zikigongana usifute hata moja. Andika pembeni msimulizi huyo angepoteza nini kama jambo lile lingekuwa vingine. Ukifika sehemu ya nne, jedwali hilo litakusomesha kitabu upya bila kurudi nyuma kurasa 500.

Usitafute majina ya wahusika kwenye intaneti kabla hujamaliza, hasa la msimulizi wa kwanza. Na usiachie wiki tatu kati ya sehemu na sehemu. Mitego imefichwa kwenye vitu vidogo kama mlango uliofungwa au barua isiyojibiwa, na vitu hivyo husahaulika upesi. Mwisho wake unapiga hatua ya kiimani ambayo baadhi ya wasomaji huikataa. Mimi naona ni hatua ya ujasiri na inayostahili, kwa sababu msimulizi anayeipiga ndiye pekee ambaye hakuwa akitafuta kitu kwa ajili yake mwenyewe. Hakuna riwaya nyingine ya upelelezi ninayoipendekeza kwa moyo mkunjufu kama hii.

Kwa kikundi cha wasomaji chenye mwezi mmoja tu, The Portrait (2005) kinafaa zaidi. Ni kifupi, ni sauti ya mtu mmoja: mchoraji aliyejificha kwenye kisiwa cha Houat, pwani ya Brittany, anamchora rafiki yake wa zamani, mhakiki maarufu wa sanaa, na anaongea naye muda wote wa kuchora. Mhakiki hajibu hata neno. Polepole unatambua kwa nini aliitwa. Stone's Fall (2009) kinakwenda kinyumenyume, London 1909, Paris 1890, Venice 1867, kikifuata kifo cha tajiri wa silaha aliyeanguka dirishani; fedha na mabenki yameelezwa vizuri kuliko kwenye vitabu vingi vya uchumi, ila theluthi ya kwanza ni nzito. The Dream of Scipio (2002) si cha upelelezi kwa maana ya kawaida, kisome mwishoni.

Utavisoma kwa Kiingereza. Mfululizo wa Argyll una Kiingereza chepesi cha kila siku. Fingerpost kinaiga sentensi ndefu za karne ya 17, na kurasa 40 za mwanzo ni za kuzoea mdundo. Pears si jina linalokaa mbele ya rafu. Kwa wauza vitabu vya mtumba wa Samora na Posta uliza kwa jina la mwandishi na la kitabu, umwonyeshe muuzaji jalada kwenye simu, maana matoleo ni mengi na majalada hayafanani. Duka la TPH lipo Samora na Soma Book Café ipo Mikocheni kwa anayetaka kuulizia au kuagiza. Toa kichwa kamili cha kitabu na namba ya ISBN.

Ukikutana na Fingerpost cha mtumba chenye jalada laini, kikague kabla ya kulipa. Kitabu kinene hivyo hukatika mgongoni, kwa kawaida katikati, na gundi ikishapasuka kurasa hutoka kwa mafungu. Kifungue sehemu tatu, mwanzoni mwa sehemu ya pili, ya tatu na ya nne, uone kama namba za kurasa zinafuatana. Angalia kurasa za mwisho kabisa, maana hizo ndizo hutangulia kung'oka. Harufu ya ukungu na madoa ya kahawia kando ya kurasa yanavumilika. Kurasa zilizogandana kwa maji hazivumiliki. Ukifika nacho nyumbani usikibane kwenye ukuta wa nje wala kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, unyevu wa masika utakimaliza. Kiache kimesimama mahali penye hewa, na kikaratasi chako cha majina kikiwa ndani ya jalada la mbele.